Mzabibu Uliopanda Mti wa Jirani

Mizizi ilikuwa upande wa Jokia Kortua, mti ulikuwa upande wa Bondo Sajaia, na zabibu zilikuwa za wote. Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu enzi za babu zao, na pale kijijini Salkhino hakuna aliyeona ajabu. Ojaleshi ni zabibu ya kupanda miti, jina lake lenyewe kwa Kimegreli lina maana hiyo, na mzabibu hauulizi uzio wa nani umepita wapi. Huu ulichomoka kwenye udongo wa akina Kortua ukiwa mnene kama paja la mtu mzima, ukauruka uzio, ukaukumbatia mforsadi mzee wa akina Sajaia na kupanda nao mpaka juu ya mapaa ya nyumba zote mbili. Wenye zabibu nyingine walimaliza mavuno yao mapema. Ojaleshi haina haraka. Ilingoja mpaka umande ugande kwa baridi na majani yapukutike yote, ndipo vishada vyake vidogo vyeusi vilipobaki vikining'inia huko juu peke yake, vitamu, vikingoja mtu mwenye moyo wa kuvifuata.

Miaka ya mwisho, wenye moyo huo walikuwa wawili: Malkhazi wa Jokia na Roini wa Bondo. Walikua pamoja, wakavunja vioo vya watu pamoja, wakachapwa pamoja. Siku ya kuchuma walipanda peku, kila mmoja na kikapu chake chembamba chenye ncha, na wimbo wakiupokezana toka tawi hadi tawi. Guliko, mama yake Malkhazi, alisimama chini akiwatukana kwa hofu.

"Shukeni, nyani ninyi! Mtanivunjia shingo zenu!"

"Toka hapo chini, mama," Malkhazi alimjibu. "Nikianguka nitakuangukia wewe, na gomi atatupikia nani?"

Kisha ikaja harusi ile ya mjini Martvili. Vijana wawili walikwenda kwa gari la Bondo, na wakati wa kurudi usukani aliushika Roini, ambaye alikuwa amekunywa kama watu wanavyokunywa harusini. Kwenye kona ya mtoni gari lilitoka barabarani. Roini alivunjika mkono. Malkhazi aliletwa nyumbani kwa baba yake juu ya mlango uliong'olewa bawaba.

Bondo alikuja na kofia mkononi, akapiga magoti kwenye tope mbele ya lango la jirani yake. Guliko alimtazama kwa dirisha mpaka mvua ikamlowesha mwili mzima, asimfungulie. Roini akahukumiwa, akapelekwa gerezani. Naye Bondo hakudumu. Moyo ulimsimama akiwa anapasua kuni, mwanawe bado kifungoni. Sasa, kwao huko hata adui huendewa msibani. Mtu anaweza asiseme na mwenzake miaka na miaka, lakini siku akifa hufika, hulizunguka jeneza, hunywa kikombe cha rambirambi, na kesho yake hurudia ugomvi na watoto wa marehemu. Guliko hakwenda. Kilio cha Venera, mjane wa Bondo, kilisikika jikoni kwake kana kwamba mtu analia chini ya meza, naye akafunga madirisha ya upande ule na kuendelea kukanda unga. Kijiji kilinong'ona. Alijua kinanong'ona, akakiacha.

Na zabibu? Ziliiva zikaliwa na ndege. Kila mwaka ziliiva, kila mwaka zikaliwa.

Vuli ile Roini aliporudi, Jokia alikuwa mgonjwa wa kifua. Akipumua unasikia mluzi. Asubuhi moja, wakiwa mezani, aliweka kijiko chini.

"Guliko, mwaka huu tuchume."

Guliko alikuwa akizamisha vipande vya jibini ndani ya gomi, ule ugali wao mweupe, ili vilainike kwa moto wake. Hakuinua kichwa.

"Tuchume nini?"

"Unajua ninachosema."

"Mchumaji mmoja yuko makaburini, mwingine ndiye aliyemtia. Utapanda wewe, na hicho kifua kinacholia kama zumari?"

"Atapanda Roini."

Guliko aliisukuma sahani mbele ya mumewe taratibu, taratibu mno.

"Hebu rudia."

"Nilikwenda kwenye uzio jana, nikamwita, nikamwambia. Kasema atakuja kesho."

"Umemwita kwa mdomo huohuo uliombusu mwanao kwenye jeneza?"

"Huohuo. Sina mwingine." Jokia alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Mimi nakufa, mke wangu. Usinikodolee macho, daktari alipokwambia nilisikia, ninaumwa kifua, siumwi masikio. Sitaki watu wanizike kwa divai ya dukani. Baba yangu alizikwa kwa ojaleshi, babu vilevile. Na mwanetu pia. Ile aliyoichuma mwenyewe ndiyo tuliyomzikia. Tangu siku hiyo mtungi wa divai uko ardhini mtupu, na mimi napita juu yake kila siku kwenda chooni."

"Nunua kwa watu wa Tamakoni. Wanayo."

"Ya kwao ni ya mti wao."

Guliko alitoka nje kwenda kwa kuku wake, na hapo chini ya mforsadi alisimama muda mrefu. Kuna jambo alilijua ambalo mumewe hakulijua. Kiangazi kilichopita gogota alikuwa akigonga upande wa mashariki wa mti ule kutwa nzima. Kisha kwenye panda la tawi kubwa uyoga ukaota, wa rangi ya maini, mmoja juu ya mwingine kama ngazi. Na siku moja bila upepo wowote kipande cha tawi hilo kilianguka juu ya banda la kuku. Alipokiokota kilipukutika mkononi kama mkate mkavu. Tawi lilikuwa limekufa ndani kwa ndani. Kwa nje mzabibu ulilifunika vizuri, na zabibu nyingi kuliko zote zilikuwa juu yake. Jokia macho yake yalikuwa yamefifia. Venera alitumia mlango wa mbele tu, asionane na jirani. Na Roini alikuwa ametoka jela juzi.

Angeweza kusema jioni ile. Alipika, akaosha vyombo, akamsugua mumewe kifua kwa mafuta ya mbuzi, na hakusema.

Roini alikuja asubuhi, umande ukiwa bado mweupe juu ya nyasi. Guliko alikuwa amejiandaa kumwona kijana yule mnene mwenye kucheka ovyo. Akamwona mwanamume mwembamba, nywele zimeingia mvi kwenye panja, aliyesimama nje ya lango kama ombaomba. Jokia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na kujifunga blanketi, alimwita.

"Ingia, baba. Lango haling'ati."

"Asante, mzee." Aliingia, akasimama. "Shikamoo, mama mdogo."

Ndivyo alivyomwita tangu alipoanza kusema. Guliko hakumjibu. Roini akavua viatu, akaviweka pembeni ya uzio pamoja, ncha zikielekea nje.

"Kamba ya kikapu ataishika nani?" akauliza. "Mama yangu hawezi. Kasema hatatoka hata kuangalia."

Jokia alimtazama mkewe. Kuku walikuwa wakiparuza majani makavu. Guliko alikwenda, akaichukua kamba msumarini, akamtupia ncha yake yenye kulabu bila kumtazama usoni.

Roini alipanda. Mwanzo miguu yake ilisita, kisha ikakumbuka. Kikapu cha kwanza kilishuka kikizunguka, kimejaa, na Guliko akakipokea kwa mikono miwili, akakimwaga kwenye hori, akakipandisha. Cha pili kikashuka. Zabibu zilikuwa na vumbi lake lile la rangi ya moshi. Alitia moja mdomoni bila kukusudia, na utamu wake ulimkasirisha, kwa kuwa ulikuwa uleule, haukupungua kitu.

Jokia, kule kitini, alianza kuimba. Ulikuwa wimbo wa wachumaji, sauti yake ya chini, yenye mluzi ndani yake. Alifika mahali ambapo aliye juu hupokea, akanyamaza akingoja. Huko juu hakuna aliyepokea. Ilisikika tu mikono ikichuma.

"Umesahau?" Jokia akauliza kwa sauti.

"Sijasahau, mzee. Siwezi tu."

"Haya. Chuma."

Upande wa magharibi uliisha. Guliko alimwona akifuta jasho kwa bega, akageuza uso kuelekea mashariki, kule vishada vilikokuwa vimebanana hata haviachi nafasi ya ndege kutua. Aliona mguu wake ukitafuta panda. Uyoga usingeonekana kutoka juu. Ulikuwa upande wa chini wa tawi, upande wake yeye Guliko. Ulikuwa kama umewekwa auone yeye peke yake.

Akafumba mdomo. Alisikia moyo wake ukienda polepole, wala haukuwa na wasiwasi, na jambo hilo lilimtisha baadaye kuliko yote. Alifikiri: mimi sijagusa kitu. Mti ni wao. Mguu ni wake. Alimtazama Jokia, Jokia alikuwa amefumba macho, uso kaupa jua. Roini alikanyaga tawi kwa mguu mmoja, akalijaribu. Tawi likashika. Akahamisha mguu wa pili.

Mlango wa nyuma wa nyumba ya pili ulifunguka. Venera alitoka barazani, yeye aliyesema hatatoka, akashika nguzo kwa mkono mmoja na mwingine akauweka mdomoni. Alikuwa amezeeka vibaya. Hakumwona Guliko, wala zabibu, wala kitu kingine chochote. Alitazama juu tu, na shingo yake ilikuwa imekaza kila mshipa, kama mtu anayemshikilia mwanawe hewani kwa macho.

"Mama mdogo," sauti ikatoka juu, "legeza kamba kidogo, nasogea mbele."

"Rudi!" Guliko alipiga kelele. "Rudi nyuma, Roini! Limeoza! Tawi limeoza!"

Hakuwahi kudhani kwamba angeliita jina lile tena maishani mwake. Roini hakuuliza. Alijirusha nyuma kwenye shina, akalikumbatia kwa mikono na magoti, na wakati uleule tawi likalia kwa ndani, mlio mzito, likakatika. Halikufika chini. Mzabibu ulilidaka. Likaning'inia juu ya uzio likibembea, na vishada vikamwagika juu ya banda la kuku, juu ya nyasi, juu ya kitambaa cheusi cha kichwa cha Guliko.

Roini alikawia kushuka. Alipogusa ardhi alikuwa amechunika viganja na kifua. Alilitazama lile tawi kwa chini, akauona uyoga, akaona matundu ya gogota. Kisha akamtazama Guliko.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kiangazi."

Roini aliitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Ungeniacha tu. Nani angekulaumu?"

"Usinifundishe la kufanya!" Guliko alimsogelea mpaka wakakaribia kugusana, akaificha mikono yake chini ya aproni. "Nilitaka. Usije ukadhani sikutaka. Nilitaka kwa moyo wangu wote, na mama yako angelia kama nilivyolia, na mimi ningefunga madirisha."

"Guliko," Jokia akaita kutoka kitini, "nyamaza, mke wangu."

"Sinyamazi! Nimenyamaza vya kutosha." Akamgeukia tena Roini, na swali lililotoka silo alilokuwa amelipanga, maana kwa miaka yote alikuwa amepanga laana tu. "Alisema nini? Pale mtoni. Nataka kujua mwanangu alisema nini."

"Hakusema kitu, mama mdogo."

"Unanificha."

"Naapa kwa kaburi la baba yangu ambalo sikulichimba. Alikuwa amelala. Alilala tulipotoka tu Martvili, kichwa dirishani. Nilikuwa nikimwambia, amka nisimulie hadithi, nisije nikasinzia na mimi, naye anakoroma tu. Alikoroma mpaka mwisho." Akajifuta uso kwa kiganja kilichochunika, damu ikambaki shavuni. "Mimi niliamka, yeye hakuamka. Nilitaka kukwambia mahakamani, lakini ulikuwa hunitazami."

Guliko alisimama. Kwa miaka yote ile alikuwa akimsikia mwanawe akipiga yowe gizani ndani ya gari, akimwita yeye. Kila alipoweka kichwa kwenye mto wa kulalia alilisikia yowe hilo. Hapakuwa na yowe. Palikuwa na koromo, koromo lile la kipuuzi ambalo Malkhazi alilirithi kwa baba yake, lililokuwa likimfanya yeye agonge ukuta kwa kiatu.

Kitu kilimpanda kifuani, akadhani ni kicheko, kikatoka kilio. Akaketi juu ya hori la zabibu akalia kwa sauti kama wanavyolia wanawake wa kwao mbele ya jeneza, kwa maneno, akimwita mwanawe kwa majina yote aliyompa tangu utotoni. Venera alisikia. Akaja mpaka kwenye uzio, akasimama upande wake, asithubutu kuvuka, akalia naye kutoka huko. Jokia aliacha machozi yashuke ndani ya ndevu. Roini, asiyejua pa kuweka mikono, alipiga magoti akaanza kuokota zabibu zilizomwagika, moja moja, na kuzitenga na majani.

Walizikamua kesho yake. Mtungi ulioshwa, ukasuguliwa kwa gome la mti wa cheri, ukajazwa, ukafunikwa kwa jiwe na udongo. Guliko hakumwambia Roini kwamba amemsamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe, na uongo wa namna hiyo aliuona ni dhambi. Alimpa chakula. Alipoona anakula amesimama alimwambia, "Kaa, wewe si farasi," na Roini akakaa.

Mforsadi haukuweza kuachwa, ungewaangukia watu. Kabla ya kuukata, Roini alifanya alivyofundishwa na baba yake. Alichagua tawi la mzabibu lililo refu na zima, akaliteremsha, akalipitisha chini ya uzio ndani ya mfereji alioufukua upande wa akina Kortua, akalizika ncha ikiwa imechungulia kwenye shina la mjozi mchanga, ili litoe mizizi na kuupanda mti huo. Jokia alisimamia kazi hiyo kwa fimbo, akikosoa kila kitu.

"Kina zaidi. Wewe unazika mzabibu au unaficha wizi?"

"Hapa kuna jiwe, mzee."

"Ling'oe. Jiwe nalo lina mama?"

Jokia hakuuona ukichipua. Alikufa mwishoni mwa majira ya baridi, asubuhi, akiwa ameomba maji na kusema kwamba hayana ladha. Kabla kengele haijapigwa kanisani mwanamke wa kwanza alikuwa amekwisha kuingia langoni. Venera hakusubiri aitwe wala hakuuliza kama anakaribishwa. Aliketi upande wa kulia wa Guliko, penye kiti cha dada, akafungua sauti. Alilia vizuri, kwa haki yote, akitaja wema wa Jokia hata ule ambao watu walikuwa wameusahau, na Guliko akajua kwamba kila neno ni deni ambalo yeye hakulilipa.

Siku ya maziko mtungi ulifunguliwa. Divai ilikuwa nyeusi mpaka ukiipandisha kwenye mwanga, ndipo inapokuwa nyekundu. Wazee walionja, wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa, na hiyo ilikuwa sifa. Roini alikuwa miongoni mwa wamiminaji, akipita nyuma ya viti na jagi. Baadhi ya watu walifunika vikombe vyao kwa kiganja alipofika. Guliko aliona. Aliinuka kichwani pa meza, akiwa mwenye msiba na asiyetakiwa kuinuka, akanyoosha kikombe chake mbele ya kijiji kizima.

"Nimiminie," akasema.

Roini alimmiminia. Alikijaza mpaka divai ikamwagikia kitambaa cha meza. Waliofunika vikombe wakaondoa viganja.

Siku ya Pasaka ilikuwa ya jua. Watu walipanda makaburini na vikapu vya mayai mekundu na mkate, kila ukoo kwa wafu wake. Guliko alikaa kwanza na mwanawe na mumewe, akawasha mishumaa, akawapa habari za nyumbani. Kisha akalichukua jagi, akapita kati ya makaburi mpaka alipokaa Venera peke yake, kwani Roini alikuwa ameshuka kuteka maji.

"Nimechelewa," Guliko akasema.

Venera alisogea kwenye benchi.

Guliko aliimimina divai juu ya kaburi la Bondo, polepole, kichwani mpaka miguuni, na udongo mkavu ukainywa. Alikuwa ameandaa maneno njiani kote na sasa hakuyakumbuka. "Alipiga magoti langoni kwangu," akasema, "na mvua ikimnyeshea. Nilimwacha."

"Alinisimulia."

"Alisema nini?"

"Alisema, hata mimi ningefunga." Venera alifunua kikapu chake, akatafuta yai lisilo na ufa, akampa. "Kula. Hujala tangu asubuhi, nakuona toka kule."

Guliko alilipokea yai, akaligonga kwenye ukingo wa jiwe, akaanza kulimenya.